Makutano ya reli ya Kahe si kazi ya Mjerumani peke yake

Watu wengi Moshi husema reli yote ya kaskazini, hadi Arusha, ni ya Mjerumani. Si kweli. Wajerumani walianza Tanga mwaka 1893, wakafika Moshi 1911, wakaishia hapo. Wakati huo Kahe, iliyo karibu na Moshi kwenye reli hiyo ya Tanga, ilikuwa stesheni ya njiani tu.

Kilichoigeuza kuwa makutano ni Vita vya Kwanza vya Dunia: Waingereza walijenga reli ya kijeshi kutoka Voi, Kenya, kupitia Taveta, kubeba askari na mizigo yao, wakaiunganisha Kahe mwaka 1916. Hili lingepaswa kufundishwa shuleni kwetu. Kipande cha Moshi hadi Arusha nacho ni cha Waingereza, mwaka 1929.