Okidi ya chui haitaki udongo

Wengi huniuliza okidi ya porini ipandwe kwenye udongo gani. Kwa okidi ya chui, Ansellia africana, sahau udongo. Mmea huu huota juu ya miti ya nchi za joto za Afrika, mibuyu ikiwemo, wala haunyonyi mti unaoubeba.

Itazame mizizi yake kwa karibu. Ipo iliyoshika gome, na ipo mingine myembamba, yenye ncha kali, iliyosimama kuelekea juu na kusongamana kama kikapu. Majani makavu huangukia humo, yakaoza, na mmea ukapata chakula. Tafadhali usiyaokote kwa kudhani unasafisha! Mizizi ya kwenye gome ina tabaka jeupe linalofyonza maji; ukiimwagia, inageuka kijani. Ngoja irudi kuwa nyeupe ndipo umwagilie tena. Ikikaa imeloa muda mrefu huoza, na ndivyo okidi nyingi zinavyofia kwenye vyungu.

Nyumbani, mwembe unafaa sana, gome lake lina nyufa na halibanduki. Mpera hapana. Ufunge mmea mwanzoni mwa masika, mizizi mipya inapochomoza, kwa soksi ya nailoni au kitambaa cha kanga kuukuu, waya huukata. Chagua tawi linalopata jua lililochujwa na majani. Kwenye kivuli kizito utapata majani mazuri tu, na yale maua ya manjano yenye madoa ya hudhurungi usiyaone.

Kinachoniuma ni biashara ya kung'oa. Mbegu ya okidi ni vumbi tupu, haina akiba ya chakula, na porini haioti mpaka ikutane na kuvu wa kuilisha. Kichaka kikubwa unachouziwa kando ya barabara kimekua kwa miaka mingi. Kikague: mizizi iliyokatika, vipande vya gome bado vimeng'ang'ania, majani yenye makovu ya wadudu. Mmea wenye dalili hizo umetoka msituni, usiununue. Miche iliyooteshwa maabara huwa midogo, inalingana, na mizizi yake ni mizima.

Ninayokubali kuihamisha ni okidi iliyoanguka na tawi lake, au iliyo kwenye mti unaokatwa kupisha ujenzi. Hata hiyo, omba kwanza kibali ofisi ya misitu, kisha ukate tawi pamoja nayo na uvifunge vyote mwembeni bila kuibandua mizizi.