Harufu ya gesi uliisikia lini?

Nimechunguza vyanzo vya moto na milipuko kwa miaka kumi na tatu sasa, na karibu kila nikifika kwenye kifusi nakuta jibu limeshanitangulia. "Ni gesi, mtaalamu. Sote tumesikia harufu." Sibishani. Nauliza tu: uliisikia kabla ya kishindo au baada yake? Wengi hunyamaza hapo.

Jengo likiporomoka hukata mabomba yake lenyewe. Gesi inavuja, harufu inatanda mtaa mzima, na mwali unaweza kusimama juu ya matofali kwa saa kadhaa. Aliyefika wakati huo ataapa kwamba gesi ndiyo iliyolipua, kumbe gesi imetoka kwa sababu ya mlipuko. Harufu ya baada ya kishindo hainiambii kitu. Ya jana yake jioni, hiyo naiandika na saa yake.

Kisa ninachokirudia kila ninapofundisha vijana ni cha Leicester, Uingereza. Jumapili, tarehe 25 Februari 2018, saa moja na dakika chache usiku, duka la vyakula vya Kipolandi katika barabara ya Hinckley Road lililipuka na kuanguka pamoja na nyumba iliyokuwa juu yake. Walikufa watu watano: msichana aliyefanya kazi dukani, mama na wanawe wawili waliokuwa juu, na mpenzi wa mmoja wa vijana hao. Mji ule una familia nyingi za asili ya Kihindi zilizotoka Uganda, Kenya na Tanzania, wakiwemo waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972, kwa hiyo habari haikuchelewa kutufikia huku.

Usiku uleule watu waligawanyika, huku gesi, huku ugaidi. Polisi walisema mapema kwamba hakuna dalili ya ugaidi, na wengi wakahitimisha kwamba basi imebaki gesi. Hesabu hiyo ndiyo inayoniumiza. Kuondoa jibu moja hakuthibitishi la pili, maana la tatu huenda hakuna aliyelitaja.

La tatu lilikuwa petroli. Wanaume watatu waliyamwaga mafuta hayo dukani wapate fidia ya bima ya pauni 300,000, bima iliyokatwa wiki chache tu kabla. Mahakama ilielezwa kwamba yule msichana aliachwa ndani kwa sababu alijua mengi mno. Desemba 2018 walipatikana na hatia ya mauaji, na Januari iliyofuata wakafungwa maisha, kila mmoja akitakiwa kukaa ndani si chini ya miaka 38.

Watu huniuliza petroli inawezaje kubomoa nyumba, si inaunguza tu? Petroli ya majimaji haiwaki. Unaowaka ni mvuke wake, na hutoka hata kwenye baridi kali. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, unatambaa sakafuni na kujikusanya mahali palipofungwa. Ukifika kati ya asilimia 1.4 na 7.6 ya hewa, cheche ya swichi ya friji inatosha. Mlipuko wa namna hii hauchimbi shimo kama bomu. Unasukuma kuta nje vipande vikubwavikubwa.

Mimi huanzia ng'ambo ya barabara, kwenye vioo. Nachutama, naokota kipande, nakigeuza juani. Kikiwa safi, kimerushwa kabla ya moto kukigusa. Kikiwa na masizi upande mmoja, moto uliwaka kwanza, mlipuko ukafuata. Kisha kifusi kinaondolewa tabaka kwa tabaka, na sampuli zinafungwa kwenye makopo ya bati, kwani mfuko wa kawaida wa plastiki hupitisha mvuke, na ushahidi unayeyuka njiani kabla haujafika maabara.

Huku kwetu tuna majibu mawili ya haraka. La kwanza ni "mtungi wa gesi umelipuka". Mara nyingi naukuta mtungi umesimama mzima, ila mpira au regyuleta ndiyo iliyovujisha. La pili ni "hitilafu ya umeme". Mlipuko wa Moi Avenue, Nairobi, Mei 2012, ulielezwa hivyo na mkuu wa polisi mwanzoni, kisha ikabainika lilikuwa bomu. Nyaya za dukani hutoa cheche na kuanzisha moto, lakini kubomoa ukuta kunahitaji kitu kingine cha kuwaka.

Mwaka juzi nilikwenda kwenye kibanda cha mama ntilie kilicholipuka alfajiri. Mtungi ulikuwa wima, mpira una ufa usiozidi urefu wa ukucha. Kijana wa duka la jirani aliniambia alisikia harufu tangu usiku, akadhani ni mtaro. Nilirudi kesho yake asaini maelezo. Akaniambia harufu hakuisikia, ila alimwona mtu wa bodaboda akitupa kitu. Nikamuuliza mtu huyo alikuwa amevaaje. Akatoa simu mfukoni ili anionyeshe.

Nilimwomba airudishe mfukoni, maana nilitaka alichokiona yeye, si cha simuni, tukaanza upya kutoka saa aliyofunga duka.