Rekodi ya mtunzi si sheria

Gustav Mahler alikuwa mkuu wa Opera ya Vienna kuanzia 1897 hadi 1907, na simfoni zake, yaani tungo ndefu za okestra, alizitunga likizo za kiangazi. Lakini hakuna hata dakika moja ya okestra aliyoiongoza yeye iliyorekodiwa. Tulichobaki nacho ni karatasi zenye matundu. Novemba 1905, mjini Leipzig, alikaa kwenye piano ya kampuni ya Welte akapiga, miongoni mwa vingine, sehemu ya kwanza ya Simfoni ya 5, na mashine ikanasa kila noti. Leo karatasi ile ikipitishwa kwenye piano ya aina hiyo, vibonye vinashuka vyenyewe. Inasisimua, ila mimi siiegemei sana: kasi inategemea jinsi fundi alivyoiweka mashine, na piano haiwezi kukuambia Mahler aliwazuia vipi wapiga tarumbeta, au aliwaachia wapi.

Kwa waongozaji wa okestra waliokuja baadaye, mambo ni kinyume. Walitunga, wakaongoza wenyewe, wakarekodi, na hapo ndipo mashabiki wanapofunga mjadala: mwenye kazi keshasema, nani tena abishe? Nabisha mimi, na shahidi wangu wa kwanza ni Mmarekani Leonard Bernstein.

Simfoni yake ya 1, Jeremiah, yaani nabii Yeremia, aliizindua Pittsburgh Januari 1944 akiwa na miaka 25. Ina sehemu tatu, na katika ya mwisho mwanamke anaimba kwa Kiebrania maneno ya Kitabu cha Maombolezo. Februari 1945 aliirekodi na okestra ya St. Louis, mwimbaji akiwa Nan Merriman. Mwaka 1961 akairudia na New York Philharmonic, akamchukua Jennie Tourel, yule yule wa siku ya uzinduzi. Mwaka 1977 akairekodi tena na Israel Philharmonic, safari hii na Christa Ludwig.

Zisikilize zote tatu kwa mfululizo. Ya 1945 ilitoka kwenye santuri za mizunguko 78 kwa dakika, ambazo uso mmoja ulibeba dakika nne na ushee tu, kwa hiyo msikilizaji alilazimika kuinuka kugeuza santuri wakati nabii bado analia. Sehemu ya pili, yenye mapigo yasiyotulia, kijana anaipeleka mbio kama anayetaka ugomvi. Katika ya 1977 mtu yule yule anakaribia miaka 60. Ludwig anayavuta maneno ya maombolezo taratibu na Bernstein hamharakishi hata kidogo. Noti ni zile zile. Sasa mwenye kazi kasema lipi?

Kwenye simfoni yake ya 3, Kaddish (jina la sala ya Kiyahudi ya kuombea wafu), hata maneno yalibadilika. Aliizindua Tel Aviv Desemba 1963 na kuitoa kwa kumbukumbu ya Rais Kennedy, aliyekuwa ameuawa wiki chache kabla. Humo kuna msimulizi anayebishana na Mungu waziwazi. Kwenye rekodi ya 1964 msimulizi ni mke wake, Felicia Montealegre, na simulizi yenyewe ni ndefu. Mwaka 1977 Bernstein aliipunguza, akaruhusu msimulizi awe hata mwanaume, na rekodi aliyoifanya mwaka huo inaye mwanaume kweli. Wengi husema toleo la pili limekaa vizuri zaidi. Mimi bado namtaka Felicia. Anazidisha, sikatai, lakini simfoni inayomgombeza Mungu ikiongea kwa adabu inabaki na nini?

Mjerumani Wilhelm Furtwängler ni kesi ngumu zaidi. Alijiona mtunzi kwanza, kuongoza okestra baadaye; dunia ikamwona kinyume. Simfoni yake ya 2 aliitunga baada ya kukimbilia Uswisi mwanzoni mwa 1945, ikapigwa mara ya kwanza Berlin Februari 1948. Mwishoni mwa 1951 kampuni ya santuri ya Deutsche Grammophon ikairekodi na Berlin Philharmonic katika kanisa la Jesus-Christus-Kirche, Dahlem, kwa kuwa ukumbi wa okestra hiyo uliharibiwa kwa mabomu Januari 1944. Inazidi saa moja na robo, na lugha yake ni ya karne ya 19 isiyoona haya.

Ndiyo maana watu humkejeli kwamba kichwa chake kilijaa muziki wa Bruckner na Brahms, watunzi wa karne hiyo. Kejeli hiyo ni ya kivivu, maana kichwa cha Mahler nacho kilijaa muziki wa wengine. Tatizo ninaloliona mimi liko kwenye sehemu ya nne: kila kilele kinafuatwa na kingine, hadi cha mwisho kinakukuta umechoka. Na mtunzi akiongoza mwenyewe, kila kilele anakipa uzito ule ule, hasa kwenye ile rekodi ya 1951. Akiwa mbele ya watu, Vienna 1953, anathubutu zaidi. Ila rekodi ninayompa mgeni ni ya Daniel Barenboim na okestra ya Chicago, ya 2001. Barenboim alimpigia Furtwängler piano Salzburg mwaka 1954, akiwa na miaka 11, lakini hamwigi. Anajua kilele kipi kisubiri, na vyombo vya shaba vya Chicago havifuniki vile vya nyuzi. Anza na sehemu ya pili, ile tulivu.

Otto Klemperer, mwongozaji mwingine wa Kijerumani, aliirekodi simfoni yake mwenyewe ya 2 mwaka 1969, akiwa amevuka miaka 80, na okestra ya New Philharmonia. Ni fupi na kavu. Sikiliza mara moja. Aliyelikwepa suala hili zima ni Mfini Leif Segerstam, aliyefariki 2024: alitunga simfoni zaidi ya 300, na nyingi kati yake hazina mwongozaji kabisa. Wapigaji husikilizana wenyewe, na mara nyingi mtunzi alikuwa amekaa katikati yao, kwenye piano.