Je, wajua kwa nini siti laini ya pikipiki ndiyo inayoumiza zaidi safari ndefu?

Dukani siti yoyote ni nzuri. Unaibonyeza kwa kidole gumba, sponji linazama, unajiambia hapa nimepata. Sasa toka nayo Dodoma mjini asubuhi kuelekea Iringa. Kabla hujaliona bwawa la Mtera utakuwa umeshaanza kuhangaika: mara unakalia upande mmoja, mara unasogea nyuma, mara unasimama kwenye vikanyagio. Siti ni ile ile, wala haijachanika popote.

Mtu akikaa, uzito wake hausambai sawasawa kwenye makalio. Chini ya nyonga kuna ncha mbili za mfupa, moja kila upande, na hizo ndizo zinazobeba mzigo. Ukitaka kuzijua zako, kalia viganja vyako kwenye benchi, utazihisi zinakuchoma. Kwa watu wengi zimeachana kama sentimita 10 hadi 14, na kwa wanawake kwa kawaida zimeachana zaidi kidogo.

Sponji laini ni tamu mwanzoni kwa sababu halibishani na mfupa. Ila sponji ni vitundu vyenye hewa. Ncha zile zikikandamiza, hewa inatoka, sponji linakuwa bapa, na mfupa unakutana na bati au plastiki ya chini, kama godoro lililochoka linavyokulaza juu ya chaga. Nyama iliyobanwa katikati inakosa damu ya kutosha, ndipo moto na ganzi vinapoingia. Ndiyo maana ukisimama sekunde chache unapata nafuu: damu imepita.

Kwa pikipiki zetu za bodaboda, Boxer na TVS, tatizo linazidi kwa sababu ya mkao. Kwenye pikipiki za mbio dereva anainama mbele, na mikono inasaidia kubeba. Sisi tunakaa wima, uzito karibu wote uko kwenye ncha mbili, na kila shimo la barabara linapanda hadi kiunoni.

Dawa, basi, ni kusambaza uzito. Kuongeza ulaini peke yake hakusaidii, na hapa ndipo wengi wanapoliwa hela: wanawekewa sponji jingine laini juu ya lililochoka, siti inavimba na kupendeza, na baada ya mwezi wako pale pale. Unachotaka ni sponji zito. Chukua vipande viwili vya ukubwa mmoja, kimoja kila mkono. Kile kizito kina malighafi nyingi zaidi ndani yake, na kwa kawaida hakiwi bapa haraka. Lakini usichanganye uzito na ugumu. Sponji gumu kama ubao nalo linaumiza, maana mfupa hauzami hata kidogo na mzigo unabaki pale pale kwenye ncha. Mpangilio unaofaa ni sponji zito chini na tabaka jembamba, laini kiasi, juu yake.

Kabla ya kwenda kwa fundi wa siti, weka kipande cha boksi kwenye kiti kigumu, kikalie dakika mbili tatu, kisha uinuke. Utaona mabonyeo mawili. Mpelekee. Fundi anayejua kazi atang'oa pini, avue kava, alaze boksi lako juu ya sponji na kuchora kwa kalamu pale mifupa inapotua. Hapo ndipo siti inapotakiwa kuwa pana na nene. Mabega ya siti yakiwa yamechongwa membamba kuliko alama zile, hata sponji bora litakuangusha.

Mwambie pia aangalie mteremko. Siti nyingi zilizochoka zinakusukuma kwenye tangi. Unatelezea mbele, unajirudisha kwa mikono, mabega yanachoka, na ganzi inahamia sehemu za mbele ambako hakuna mwanamume anayeitaka. Pale unapokalia pawe tambarare, ikibidi mbele painuliwe kidogo.

Halafu kuna jua letu. Rexini nyeusi, ile ngozi ya bandia ya kava, iliyoanikwa kijiweni mchana kutwa inachoma hata kupitia suruali, na jasho halina pa kupita. Ngozi inalainika, mshono wa jinzi unaanza kusugua, na malengelenge hayako mbali. Mito ya jeli inasifiwa sana, lakini kwa Dodoma mimi siipendi: inanyonya joto la jua na kukurudishia. Wasafiri wa nchi za baridi hutandika ngozi ya kondoo, kwa kuwa sufu nene inapitisha hewa. Kondoo wa huku kwetu wana manyoya mafupi, kwa hiyo ngozi zao hazifiki huko. Lile kava la shanga za mbao la madereva wa teksi linafanya kazi hiyo kwa bei ya kawaida, ingawa nakiri halipendezi.

Kabla hujailaumu siti, pima upepo wa tairi. Tairi lililojazwa kupita kiasi linakupa kila kokoto. Shokapu za nyuma nazo, kwenye pikipiki nyingi, zina pete ya kukaza springi. Kama ilikazwa kwa ajili ya abiria wawili na gunia, ukisafiri peke yako ilegeze.

La mwisho ni kimo. Kila sponji linaloongezwa linakuinua, na mtu mfupi akisimama kwenye taa za barabarani anaweza kujikuta ananing'inia juu ya siti huku miguu haishiki chini. Kwa hiyo fundi asipige pini mwanzoni. Avalishe kava bila kulifunga, ukalie siti hiyo nusu saa hivi, miguu ikiwa chini, kisha aondoe au aongeze.