Heliksi si kila kilichojizungusha

Dawa ya mbu ya kuchoma, ile inayokaa bapa na kujizungusha, watu huiita heliksi. Springi ya pikipiki huiita spirali. Majina yamebadilishana, na kosa limefika hadi kwenye madaftari ya baiolojia, ambako DNA, molekuli inayobeba urithi wa viumbe, inaandikwa kuwa na "umbo la mviringo".

Heliksi ni mstari unaouzunguka mhimili kwa umbali uleule huku ukisonga mbele kando ya mhimili huo. Meno ya bolti ni heliksi, na springi pia. Spirali haipandi: inaanzia katikati na kila mzunguko unatanuka kuliko uliotangulia. Kipimo ni kipande cha bomba. Springi unaweza kuivisha bomba, mizunguko yote ikaligusa. Dawa ya mbu haivishiki.

Neno ni la Kigiriki, helix, kitu kilichojisokota, kama kile kijimkono cha mzabibu kinachokamata mti. Mwaka 1861 Mfaransa Gustave de Ponton d'Amécourt aliliunganisha na pteron, yaani bawa, akapata jina la helikopta. Kwa hiyo neno linakatika heliko-pta, wala si heli-kopta. Heli ile gesi haihusiki hata kidogo; jina lake limetokana na helios, jua. Spirali nayo imetoka kwa speira ya Kigiriki kupitia spira ya Kilatini, na maana yake ya kale ilikuwa karibu sana na ile ya helix. Wazee wa lugha hizo wangeweza kuyachanganya bila lawama. Sisi tuna jiometri, nayo imeshayatenganisha.

Kinachopotea mtu akiyachanganya ni hatua, yaani umbali ambao heliksi inasonga kwa mzunguko mmoja kamili. Bolti ya kawaida ya M10, yaani yenye kipenyo cha milimita 10, ina hatua ya milimita 1.5, izungushe mara kumi, itaingia milimita 15. Pangaboi la mashine ya mtumbwi huwa na namba mbili, ya kwanza kipenyo, ya pili hatua, mara nyingi kwa inchi. Hatua ya 11 maana yake lingesonga inchi 11 kwa mzunguko kama maji yangekuwa magumu kama ubao. Maji yanateleza, kwa hiyo linasonga pungufu ya hapo. Hatua ikiwa ndefu mno mashine inalemewa na haifikishi mizunguko yake. Ikiwa fupi mno inapiga kelele na mtumbwi hauendi.

Heliksi ina mkono pia. Simamisha bolti: meno ya upande unaokutazama yakipanda kuelekea kulia, ni ya mkono wa kulia. Igeuze juu chini, jibu ni lilelile. Pedali ya kushoto ya baiskeli ni ya mkono wa kushoto, na anayeifungua kwa mazoea ya kulia anazidi kuikaza mpaka meno yanakufa. Kamba nyingi za nyuzi nene tatu ni za mkono wa kulia, ndiyo maana hukunjwa kufuata mwendo wa saa. Ukizikunja kinyume zinajipinda na kufanya vifundo.

DNA, ambayo umbo lake lilitangazwa 1953, ni heliksi mbili zinazouzunguka mhimili mmoja, za mkono wa kulia, upana nanomita 2 hivi, hatua nanomita 3.4 hivi. DNA ya bakteria wengi imeungana ncha kwa ncha, na hiyo ndiyo ya mviringo. Hata hivyo nayo imesokotwa kwa heliksi.

Kuna walimu wa Mwanza wanaofundishia gamba la konokono wa ziwani. Wazo ni zuri, ila liangaliwe ni gamba gani. Biomphalaria, anayebeba kichocho cha tumbo, ana gamba bapa, hivyo anafaa kwa spirali. Bulinus, wa kichocho cha kibofu, ana gamba lenye ncha, mdomo ukiwa kushoto; linapanda na kutanuka kwa pamoja, basi si heliksi kamili wala si spirali tupu. Kwa heliksi, kipande cha kamba ya mtumbwi kutoka soko la samaki la Mwaloni Kirumba kinatosha, na hakuna haja ya kuingia majini.