Lumeni za projekta: elfu tisa za kwenye boksi haziko ukutani

Ukiulizia projekta ya kuangalizia mpira sebuleni, hapa Kigoma, kuanzia mtaa wa Mwanga hadi Ujiji, jibu huanza na namba: "Chukua hii, ina lumens elfu tisa." Ukisitasita unaletewa nyingine, na maelezo yake ni mafupi zaidi: "Hii sasa ina ANSI kabisa," kana kwamba ANSI ni kifaa kilichofungwa humo ndani pamoja na feni na spika. Makosa haya mawili yamewagharimu watu wengi. Mzigo unaagizwa Kariakoo, unasubiriwa, unawashwa saa kumi jioni mapazia yakiwa wazi, picha inaonekana kama imepauka kwa jua, na mwenye nyumba anatangaza kwamba projekta zote ni takataka. Si kweli, na wala si haki kwa kifaa ambacho kikichaguliwa vizuri kinaipa familia picha ya inchi 100.

Lumeni ni kipimo cha jumla ya mwanga unaotoka mahali, ule ambao jicho la binadamu linaweza kuuona. Laksi ni mwanga uliofika juu ya eneo: lumeni moja ikitandazwa sawasawa kwenye mita moja ya mraba, hapo pana laksi moja. Maana yenyewe haizidi hapo. Tatizo limo kwenye swali ambalo muuzaji haulizwi: mwanga huo umepimwa ukitokea wapi?

Globu ya LED ya wati 9, hii ya kawaida ya sebuleni, hutoa lumeni kama 800. Kwa hiyo anayekuuzia lumeni 9000 anakuambia kwamba mwanga wa globu kumi na moja unatoka wote kwenye lenzi yenye upana wa sentimita chache, ndani ya kifaa unachokibeba kwa mkono mmoja. Projekta zenye kutoa 9000 za kweli zipo. Hufungwa kwenye kumbi za mikutano na makanisa makubwa, uzito wake hupita kilo 10, na hula umeme wa wati mia kadhaa.

Namba ya kwenye boksi mara nyingi hudaiwa kuwa ya mwanga wa LED yenyewe, kabla haujapita popote. Ndani ya projekta nyingi za bei nafuu kuna LED moja nyeupe nyuma, na mbele yake paneli moja ya LCD, kioo cha jamii ile ile ya televisheni bapa. Mwanga ukifika kwenye paneli hukutana kwanza na polaraiza, utando unaopitisha mwanga wa mwelekeo mmoja tu. Hapo karibu nusu inaishia. Unaobaki unakutana na vichujio vya rangi: kila nukta ya picha imegawanywa sehemu tatu, nyekundu, kijani na buluu, na kila sehemu inapitisha rangi yake na kuzizuia mbili nyingine. Theluthi mbili za kilichobaki nazo zimekwenda. Tumebakiwa na moja ya sita, na bado hatujahesabu vijiwaya na transista zinazoziba sehemu ya kila nukta, mwanga unaotawanyika pembeni, na unaomezwa na vioo na lenzi. Kwa mashine za muundo huu, kinachofika ukutani mara nyingi ni sehemu moja kati ya ishirini, au pungufu ya hapo.

Hata hiyo ya LED yenyewe ihakiki kwa kusoma kibandiko cha umeme. LED nyeupe nzuri hutoa lumeni 100 hadi 150 kwa kila wati. Projekta yenye adapta ya wati 60 inalisha pia feni, spika na kompyuta ndogo ya Android iliyomo ndani. Tuseme LED imebakiziwa wati 40: haiwezi kuvuka lumeni 6000 kabla ya paneli, na ukutani zitafika kama 300. Boksi linaweza kuandika litakalo, lakini wati hazidanganyi.

Sasa ANSI. Hizi ni herufi za kwanza za jina la Kiingereza la Taasisi ya Viwango ya Taifa ya Marekani. Si aina ya taa, si aina ya lumeni, si ubora wa lenzi. Mwaka 1992 taasisi hiyo ilitoa kanuni iitwayo IT7.215 ya namna ya kupima projekta, ili wanunuzi waweze kulinganisha mashine mbili bila kutegemea maneno ya watengenezaji. Baadaye shirika la viwango la kimataifa, ISO, likaweka kanuni yake, ISO 21118, inayofuata njia ile ile kwa sehemu kubwa. Njia yenyewe ni hii: unarusha picha nyeupe tupu kwenye chumba chenye giza, unaigawa picha hiyo vyumba tisa vilivyo sawa, tatu kwa tatu, unapima laksi katikati ya kila chumba, unatafuta wastani wa vipimo tisa, kisha unazidisha kwa eneo la picha kwa mita za mraba. Jibu ndilo lumeni za ANSI.

Ukiielewa njia, unaelewa pia kwa nini haipendwi na wauza namba. Kwanza, mwanga unapimwa ukiwa umeshatoka kwenye lenzi, baada ya hasara zote. Pili, vipimo ni tisa. Projekta za bei nafuu hung'aa katikati na kufifia kwenye pembe, kwa hiyo anayepima katikati peke yake anapata namba kubwa kuliko haki yake. Projekta ambayo maelezo yake yanasema "lumeni 250 za ANSI" inaweza kabisa kung'aa kuliko ile ya boksi la 9000, na aghalabu ndivyo ilivyo. Neno hilo nalo linachapishwa kiholela siku hizi, kwa hiyo kuliona kwenye boksi bado si ushahidi. Ushahidi ni kupima.

Na kupima kunawezekana hapa hapa. Simu nyingi za Android zina kihisi cha mwanga upande wa juu wa kioo, karibu na kamera ya mbele, na programu za bure za kupima laksi zipo. Usiku, zima taa zote. Sogeza projekta mpaka picha ya 16 kwa 9 iwe na upana wa sentimita 133 na kimo cha sentimita 75. Hizo ni inchi 60 kutoka kona hadi kona, na vipimo hivi vina faida yake: eneo lake ni takriban mita moja ya mraba, kwa hiyo wastani wa laksi ndio lumeni zenyewe, hakuna kuzidisha. Fungua picha nyeupe tupu. Bandika mgongo wa simu ukutani, kioo kikitazama lenzi, na mwili wako usikinge mwanga. Tuseme mstari wa juu umesoma 130, 170, 125. Wa kati 190, 240, 185. Wa chini 140, 180, 134. Jumla ni 1494, gawa kwa tisa, unapata 166. Hiyo ndiyo projekta yako. Simu si kifaa cha maabara, inaweza kukosea kwa asilimia 20 au 30, lakini kosa la kiasi hicho haliwezi kuigeuza 9000 kuwa 166.

Zinatosha 166? Hapo inategemea ukubwa wa picha, na hili ndilo muuzaji anayesema "inafika inchi 200" huwa halitaji. Mwanga hauongezeki kwa kusogeza projekta nyuma, unatandazwa tu. Picha ya inchi 80 ina eneo la mita za mraba 1.76, ya inchi 100 ina 2.76, ya inchi 120 ina karibu 4. Kumbi za sinema za kidijitali hulenga ung'avu wa kandela 48 kwa mita ya mraba (kipimo cha mwanga unaorudi kwa mtazamaji), ambao kwenye ukuta mweupe usiong'aa unahitaji laksi kama 150. Fanya hesabu: chumba kikiwa giza kweli, inchi 80 inataka lumeni 265, inchi 100 inataka 415, inchi 120 inataka 600. Zile 166 zitatoa laksi 94 kwenye inchi 80, picha inayoangalika vizuri usiku. Ukizivuta hadi inchi 120 unabaki na laksi 42, na tamthilia yenye matukio ya usiku itakuwa kivuli juu ya kivuli.

Giza lenyewe wengi hulichukulia juu juu. Projekta haiwezi kurusha weusi. Cheusi kwenye picha ni ukuta wako ulivyo projekta ikiwa imezimwa, kwa hiyo kama ukuta huo una mwanga wa laksi 50 kutoka kwenye taa ya sebuleni au dirishani, hakuna cheusi kitakachokuwa cheusi zaidi ya hapo. Projekta inayotoa laksi 150 ndani ya chumba chenye laksi 50 inakupa cheupe cha 200 dhidi ya cheusi cha 50, yaani mara nne tu. Funga pazia zito mpaka zibaki laksi 5, na cheupe kinakuwa mara 31 ya cheusi. Projekta ni ile ile, fedha ni ile ile.

Kwa Kigoma jambo hili lina uzito wa pekee. Jua hapa huzama karibu dakika arobaini baada ya kuzama Dar es Salaam, kwa sababu tuko magharibi na saa tunatumia ile ile. Mechi ya saa moja usiku inayoanza Dar kukiwa giza, huku inaanza jua likiwa ndiyo kwanza linazama ziwani au mwanga wake bado umejaa angani, na nyumba zenye madirisha yanayotazama ziwa hupokea mwanga huo moja kwa moja. Kwa hiyo video ya majaribio aliyokutumia muuzaji wa Kariakoo saa moja na robo haikuambii sebule yako itakuwaje saa hiyo hiyo. Mwombe apime, au uangalie kwa hesabu.

Anayetaka kuonyesha mechi za saa kumi jioni, mathalani mwenye kibanda umiza, aache kabisa vifaa hivi vidogo. Projekta ya ofisi yenye lumeni 3000 za ANSI kwenye inchi 80 inatoa laksi 1700. Hata chumba kikiwa na laksi 200, cheupe ni mara tisa na nusu ya cheusi: filamu ya giza haitapendeza, lakini mpira utaonekana, na namba za jezi zitasomeka. Akichagua, aangalie aina. Nyingi za DLP za ofisini, yaani zinazochora picha kwa vioo vidogo sana badala ya paneli ya LCD, zina gurudumu la rangi lenye kipande kisicho na rangi, cha kukuza mwanga mweupe wa slaidi na maandishi. Lumeni 3000 hupimwa kwa nyeupe, rangi hazifiki hapo, na nyasi za uwanja hutoka zimefubaa. Za paneli tatu za LCD hazina kipande hicho, kwa hiyo rangi zake hulingana na nyeupe yake.

Zingatia pia kwamba namba ya mtengenezaji hupimwa kwenye modi yenye mwanga mwingi kupita zote, ambayo mara nyingi huleta rangi ya ukijani. Ukihamia modi ya sinema au ya kubana umeme, mwanga unaweza kushuka kwa theluthi. Taa za globu hufifia kadiri saa zinavyosonga, na mwisho wa umri wake huhesabiwa pale mwanga unapofika nusu. Tena umeme ukikatika ghafla feni husimama globu ikiwa bado ya moto, kitu kinachoifupishia maisha. UPS ndogo, yaani betri inayoshika umeme ukikatika, inayoipa dakika tano za kupoa inatosha. LED haina shida hiyo, ila vumbi la kiangazi likiingia kwenye mashine isiyofungwa vizuri hukaa juu ya paneli, na utaliona kama madoa kwenye kila picha.

Ukuta upakwe rangi nyeupe ya maji. Rangi ya mafuta hung'aa na kuweka doa la mwanga katikati. Shuka jeupe hupitisha sehemu ya mwanga upande wa pili, na kwa mwenye lumeni 166 huo ni upotevu asioumudu.

Maandishi ya "inasapoti 1080P" ni ugonjwa wa ukoo mmoja na huu: yanaeleza picha ambayo mashine inaweza kuipokea kutoka kwenye king'amuzi, siyo nukta zilizopo kwenye paneli. Ulizia nukta za paneli yenyewe.

Kwa hiyo tuseme hivi, kwa upole tu: hakuna projekta "yenye ANSI." Kuna projekta yenye lumeni 250 kwa kipimo cha ANSI, au 400, au 3000. Muuzaji akisema elfu tisa, muulize, "Kaka, hizo zimepimwa kwenye LED au ukutani?" Wengi wao hawana nia mbaya, wanasoma kilichoandikwa kwenye boksi. Akisema hajui, mwombe akuwashie picha nyeupe ya inchi 60 dukani, mfunge mlango, mtoe simu.