Kutia chumvi na kula chumvi

Ukimwambia mtu "unatia chumvi", umemshutumu. Ukimwambia "umekula chumvi nyingi", umemheshimu. Wanafunzi wangu wa Kiswahili huniuliza kila mwaka imekuwaje, nami huwaambia waiache chumvi kwanza, watazame kitenzi.

Kutia ni tendo la mkono. Habari ilikuwa na ukubwa wake, msimuliaji akaizidisha ili imkolee msikilizaji. Kula ni jambo jingine kabisa. Katika Kiswahili, mtu hula hata yasiyo chakula: hula hasara, hula kiapo, hula njama, hula raha. Yanayompata na anayojifunga nayo yote huingia kwenye kitenzi hicho. Mzee aliyekula chumvi nyingi ni mtu ambaye miaka imempitia mlo kwa mlo, na miaka hiyo hailiki kwa mkupuo. Ndiyo maana msemo huu haumfai kijana, hata awe na shahada tatu.

Wala tusidhani kwamba lugha yetu inaichukia chumvi ndani ya maneno. Mboga iliyokosa chumvi huitwa chapwa, na maneno yasiyo na ladha nayo ni chapwa. Kosa ni kuzidisha tu.

Neno la kale la Kibantu ni munyu. Limo katika kamusi zetu, ingawa mijini hulisikii sana. Warundi na Wanyarwanda wanasema umunyu, Waganda omunnyo. Napenda kulitaja kwa sababu linatukumbusha kwamba bara lilikuwa na chumvi yake, haikungoja ipande kutoka pwani. Kule Uvinza, mkoani Kigoma, watu wamekuwa wakichemsha maji ya chemchemi za chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000, na chumvi hiyo ilisafiri mbali kwa biashara. Mahali inapopatikana kwa kuni, vyungu na safari ndefu, kuila kwa wingi si jambo dogo.

Pwani chumvi imeathiri hata neno baridi. Samaki wa maji baridi ni yule wa mtoni au ziwani, hata kama maji yenyewe yana joto la Februari, kwa kuwa baridi hapo ni kinyume cha maji chumvi ya bahari. Mtafsiri asiyelijua hili atamwandika sato kama samaki wa nchi za theluji.

Kuna matumizi moja ninayoyapinga waziwazi: "kumwaga chumvi kwenye kidonda", ambayo siku hizi yamejaa kwenye vichwa vya habari. Hayo yamehamishwa kutoka Kiingereza. Sisi tuna kitenzi kimoja kinachotosha, kutonesha: kukigusa kidonda kibichi hadi kiume upya. Waandishi wa habari, tafadhali, andikeni "amemtonesha kidonda".